Waadhi juu ya Nyuki Aingiaye kwa Nyuma

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyekipa kila kiumbe riziki yake na akakionyesha njia ya kuitafuta. Sala na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu zangu, watu wa Ufukoni na Mikindani, na wa Msimbati mpaka mdomo wa Ruvuma, waadhi huu umeanzia katika kichaka kilicho nyuma ya chuo chetu. Kichaka hicho huchanua maua ya manjano, marefu mfano wa tarumbeta, mdomo mpana na tako jembamba. Asubuhi moja mtoto aliacha ubao wake akaniuliza, "Maalimu, mbona nyuki yule haingii mlangoni?" Nikatazama. Alikuwa ni yule nyuki mkubwa mweusi atoboaye boriti za nyumba zetu na kuzaa humo. Alitua juu ya ua kwa nje, akateremka mpaka tako lake, akalipasua kwa mdomo wake mgumu, akanywa, akaenda zake. Sikuwa na jawabu siku ile. Nimeitafuta, na leo nawapeni.

Jueni, ndugu zangu, ya kwamba ua halikuwekewa utamu bure. Ndani yake kuna mbochi, yaani maji matamu, na mbochi ni ujira. Nyuki aingiapo kwa mlango, hujipaka mgongoni na kifuani unga wa ua, uitwao chavua, akauchukua mpaka ua jingine la jinsi ile ile, na kwa unga huo mbegu hushika. Basi ua hulipa, na nyuki hufanya kazi, wala hapana aliyemdhulumu mwenziwe. Mikorosho yetu ni hivyo hivyo: chavua yake ina kunata, nao wadudu ndio waichukuao ua kwa ua. Na michu ya pwani hufanyiwa kazi hiyo hiyo na nyuki.

Wala mtu asiseme kwamba elimu hii haituhusu sisi watu wa dini. Amepokea Imamu Muslim khabari ya watu wa Madina waliokuwa wakipandishia mitende yao unga wa dume. Mtume, sala na amani zimshukie, akadhani ya kuwa haitawafaa kitu. Wakaacha, na tende zikaharibika. Akawaambia kwa maana kwamba wao wanayajua zaidi mambo ya dunia yao. Basi ajuaye jambo la dunia husikizwa.

Na miongoni mwa waliojua ni Christian Konrad Sprengel, mwalimu wa Kidachi, aliyetoa kitabu mwaka 1793 akaeleza jinsi wadudu wanavyoyahudumia maua, akataja pia wale wanaoiba mbochi pasipo kuhudumu. Katika milima ya Ulaya na Marekani wizi huu hufanywa sana na nyuki wanene wenye manyoya mengi, ambao kwetu, kusini ya Sahara, hawapo. Kwetu kazi hiyo hufanywa na huyu mweusi wa boriti. Katika milima ya Colorado liko ua jekundu lenye koo refu, linalohudumiwa na ndege mdogo mfano wa chozi wetu. Wataalamu waliona ya kwamba maua yakiisha kutobolewa mengi, ndege huyapita asiyaingie, kwa kuwa hakuna tena ujira, na mbegu hupungua. Mwizi amekunywa tone dogo, lakini amemfukuza mfanya kazi.

Na jambo la kutisha zaidi ni hili. Tundu likiisha kutobolewa, huja nyuki wa asali, ambaye meno yake hayana nguvu ya kupasua ua lile, akanywa kwa tundu la mwenziwe. Lau tundu lisingalikuwapo, yeye asingaliiba. Hapa kumbukeni hadithi aliyoipokea Muslim, ya kuwa mwenye kuanzisha mwendo mbaya hubeba dhambi yake na mfano wa dhambi za watakaoufuata, wala wao hawapunguziwi kitu.

Tena sikizeni. Katika Surat al-Baqara Mwenyezi Mungu amewakataza watu waliokuwa, wakihirimia Hija, wakiacha milango ya nyumba zao na kuingia kwa nyuma, wakidhani huo ndio wema. Akawafunza ya kuwa wema ni kumcha Yeye, na ya kuwa nyumba huingiwa kwa milango yake. Na Imamu Ahmad amepokea kwa Abdullahi bin Amr hadithi ambayo maana yake ni kwamba muumini ni mfano wa nyuki: hula kizuri, hutoa kizuri, na akitua juu ya kitu hakivunji wala hakiharibu. Angalieni, basi, ni nyuki yupi tuliyefananishwa naye. Ni yule aingiaye kwa mlango.

Wala msimtukane nyuki mweusi. Mnyama hana taklifu, hana haramu wala halali. Mwili wake ni mnene, na koo la ua lile ni jembamba. Hawezi kuingia, basi hupasua. Naye huyu huyu, akiingia katika ua la pasheni, mgongo wake mpana ndio ufaao kuchukua unga, na nyuki mdogo haufikii vyema. Huyatikisa pia maua ya mabilingani kwa mvumo wake mpaka yakamwaga unga. Kwa hiyo yeye ni mwizi penye mlango mmoja na mtumishi penye mlango mwingine. Lakini udhuru wake ni umbo lake. Sisi je, udhuru wetu ni upi? Mlango wa halali ni mpana, nasi tunaupita tukienda kutoboa ukuta.

Naanza na nafsi yangu, kwa kuwa mwenye kuwaidhi watu akajisahau ni kama taa: huwaangazia wengine hali yenyewe inaungua. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i ujira wa kufundisha Kurani ni halali. Nami niliupokea kila Alhamisi kwa mvuvi mmoja, miaka minne, kwa ajili ya mwanawe. Mtoto alikuwa akisoma katikati ya wenziwe, sauti zote pamoja; nami nikisikia sauti ya wote, sikusikia ya mmoja. Miaka ikapita. Mvuvi akafa. Ilipowekwa jeneza nilimwita yule kijana asogee amsalie baba yake. Akarudi nyuma, akaninong'oneza sikioni, "Maalimu, hata Fatiha siitimizi."

Wallahi, ndugu zangu, sijapata kuona aibu kama ile. Baba yake alitoa mbochi kila Alhamisi, nami nilikunywa, na mbegu haikushika. Baada ya maziko nilihesabu fedha ile nikaipeleka kwa warithi. Sehemu waliipokea, sehemu walinisamehe. Na yule kijana nimemwanzia alifu, kila usiku baada ya sala ya Isha, bila ya ujira. Fatiha ameitimiza. Lakini baba yake alisaliwa na mtu mwingine, na hilo siwezi kulirudisha.

Kisha nawageukia ninyi wenye mizani na magunia. Mnajua ya kwamba mikorosho yetu huchanua wakati wa kipupwe, na kwamba kabla ya mavuno mkulima huwa hana kitu. Hapo ndipo ajapo mtu usiku, si kwa mlango wa ghala wala wa soko, akampa fedha kidogo ili alipwe korosho za thamani iliyo kubwa kupita fedha ile. Watu huiita kangomba, na serikali imeikataza. Nami nawaambieni hukumu yake katika sharia. Ikiwa ni mkopo ulioshurutishwa ziada, ni riba, hata ikivishwa kanzu ya uuzaji. Ikiwa ni kununua matunda ya mti ule kabla hayajadhihiri kufaa kwake, uuzaji haukusihi, ila kwa sharti ya kuyakata papo hapo. Na ikiwa mtu ataka salamu, mlango wake uko wazi: thamani itolewe yote katika kikao kile kile, uzito ujulikane, sifa ijulikane, muda ujulikane, na isifungwe kwa shamba moja maalumu. Na bei iwe ya kuridhiana kweli, si ya njaa. Huo ndio mlango. Kwa nini mnatoboa tako la ua?

Wala usiseme, "Wengine wametoboa, mimi nakunywa tu kwa tundu lililokuwapo." Nyuki wa asali anayo ruhusa ya kusema hivyo, kwa kuwa hataulizwa. Wewe utaulizwa.

Basi atakaye kutubu, ajue ya kuwa toba ya haki ya mtu haitimii kwa istighfari peke yake. Haki irudishwe kwa mwenyewe au kwa warithi wake, au aombwe radhi. Na wenye mashamba, msipulize dawa ya kuua wadudu mikorosho iwapo katika maua na nyuki wako kazini, wala msichome mzinga wenye nyuki kwa ajili ya asali; kwani Abu Daud amepokea kukatazwa kuuawa kwa nyuki. Msiue mfanya kazi wenu kwa mikono yenu.

Ewe Mola wetu, tufungulie milango ya halali na utuingize kwa hiyo. Utupe moyo wa kurudisha tulichokinywa bila ya kukitumikia, kabla ya siku isiyokuwa na fedha wala korosho. Uwarehemu waliotuamini wakafa nasi tuna deni lao. Amin.

Wabillahi ttaufiki. Wallahu aalamu.