Hostia ya Ngano na Kamera ya Utumbo

Kiserian, nchini Kenya, si mji wa kuonea haya matumbo. Kwenye machinjio ya Keekonyokie matumbo huoshwa mchana kweupe, na jioni huuzwa kando ya barabara yakiwa mutura. Sehemu kubwa ya utumbo mwembamba wa mtu aliye hai ndiyo iliyokuwa siri. Mwaka 2001 Marekani iliidhinisha kidonge chenye kamera: mgonjwa hukimeza, nacho hushuka kikipiga picha kwa maelfu, takriban saa nane mfululizo.

Miongoni mwa maradhi kinayosaidia kuyabaini ni seliaki. Gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, huifanya kinga ya mwili ishambulie utumbo mwembamba. Vijinyweleo vya ukuta wake vinavyofyonza chakula hulala. Mgonjwa huweza kuharisha au kukosa damu, na mtoto kudumaa. Daktari Mholanzi Willem Dicke aliishuku ngano mapema, na njaa ya Uholanzi katika majira ya baridi ya 1944–45 ikampa nguvu: mkate ulipoadimika watoto wagonjwa walipata nafuu, uliporudi wakaugua tena. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote. Chapati na mandazi hutoka mezani, ugali hubaki.

Na hostia, mkate wa Misa, je?

Kanuni ya 924 ya sheria ya Kanisa Katoliki inataka mkate wa Ekaristi uwe wa ngano tupu. Mwanateolojia wa Kameruni, Jean-Marc Ela, aliuliza kwa nini Mwafrika anayekula mtama amkumbuke Bwana kwa nafaka ya kuagizwa. Roma haikulegeza. Barua iliyotiwa saini na Kardinali Joseph Ratzinger mwaka 2003 ilisema hostia isiyo na gluteni kabisa si halali, ila yenye kiasi kidogo inakubalika. Asiyeweza hata hiyo apokee divai peke yake, kwa kuwa Kristo yumo mzima katika kila umbo.

Muumini anaweza kushangaa: kama baada ya mageuzo, mkate unapokuwa mwili wa Kristo, hostia si mkate tena, itamdhuruje mtu? Na akiikwepa, je, imani yake haijapwaya? Tomaso wa Akwino alilijibu hilo katika karne ya 13. Kinachogeuka ni dhati, yaani kiini kisichoonekana. Maumbo, yaani yale yanayoonekana na kuonjwa, hubaki, pamoja na uwezo wake wa kulisha mwili. Alifika mbali zaidi: padre akigundua kwamba kikombe kimetiwa sumu, asinywe wala asimpe mtu, hata kama divai imekwisha kuwekwa wakfu. Kwa mantiki hiyo, anayeogopa hostia kwa sababu ya utumbo wake anayaheshimu maumbo jinsi Mungu alivyoyaacha. Kamera nayo huona maumbo tu. Haiwezi kulithibitisha fumbo, wala kulikanusha.

Hata katika mambo ya mwili, picha ni shahidi, si hakimu. Vijinyweleo huweza kulala pia kwa watoto wanaoishi na maji machafu na maambukizi ya mara kwa mara, na kidonge hakiwezi kukata kipande cha utumbo kikachunguzwe kwenye hadubini. Kwa hiyo daktari hupima kingamwili katika damu, kisha kwa kawaida huchukua vipande kwa mpira wa endoskopi. Vipimo hivyo vyahitaji mgonjwa awe bado anakula ngano. Anayeiacha mapema kwa kukisia hujifutia ushahidi.

Ugonjwa ukishathibitishwa, suala huhamia altareni. Parokia nyingi huwapa waamini hostia pekee, hivyo mgonjwa hana budi kuzungumza na paroko kabla ya Misa. Kuomba divai tu hakutoshi: kabla ya komunyo padre humega kipande cha hostia na kukitia ndani ya kikombe chake. Mwenye seliaki huhitaji kikombe cha pili, kisichoguswa na ngano, kiandaliwe altareni tangu mwanzo.