Msingoje Tumbo Lionekane

Wanangu wa Arua na Koboko, neno hili nimelisema kwenye vikao vya mahari, nimelisema kwenye matanga, nimelisema nje ya misikiti na makanisa. Nimechoka, lakini mkubwa hachoki kuwaonya wanawe. Kliniki ya wajawazito mnakwenda, tena siku hizi mnakwenda kwa wingi, na nashukuru. Ila mnafika mmechelewa.

Tazameni. Binti anaolewa Desemba. Machi anaanza kutapika asubuhi, ananyamaza kwa haya. Mei tumbo limeonekana, mama mkwe anamhimiza aende. Muuguzi anampima uzito na damu, anampa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Vidonge hivyo ni vizuri, na ameze vyote. Lakini uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, na wakati huo mama hata hajajijua. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke anayetafuta mtoto ameze mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku kabla ya mimba, hadi wiki ya 12.

Mtasema serikali iliagiza tangu 2011 viwanda vikubwa vitie kirutubisho hicho kwenye unga wa ngano na mahindi. Kweli iliagiza. Lakini sisi tunasonga unga wa muhogo uliosagwa kwenye mashine ya mtaani, na agizo hilo halikuugusa. Kuleni majani ya kunde na maharage, kisha mwombe na vidonge.

Nanyi vijana wa kiume, mahari mnaihesabu mbuzi kwa mbuzi, ila damu yenu hamjaipima. Mkiwa wote wawili mmebeba chembe ya urithi ya selimundu, kila mimba ina hatari ya moja kwa nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Homa ya ini aina ya B imelitesa eneo letu la West Nile miaka mingi. Kaswende na virusi vya UKIMWI navyo humpata mtoto tumboni. Haya hupimwa kabla ya posa kukamilika, mkiwa wawili, bila kutupiana lawama.

Wakubwa wa afya wa wilaya ya Koboko na jiji la Arua, nawaomba kwa heshima. Wahudumu wa afya wa vijiji, hao VHT walioanzishwa 2001, wanajua nyumba ipi ina binti aliyechumbiwa. Wapeni vidonge wagawe, na swali moja la kuuliza kila mlangoni: mwaka huu mnataka mtoto? Anayetaka, aanze vidonge na vipimo. Asiyetaka, apate uzazi wa mpango. Na aliyejifungua juzi aambiwe apumzike walau miezi 24 kabla ya mimba nyingine. Anayetumia dawa za kifafa asiziache mwenyewe, aonane na daktari mapema, kwani baadhi yake humdhuru mtoto. Kazi hii haidai jengo jipya. Inadai kutoka nje na kuwatafuta watu kabla wao hawajawatafuta ninyi.

Basi mwenye harusi mwaka huu, usiseme utakwenda baadaye. Mchukue mwenzako wiki hii, mwende kituo cha afya kilicho karibu, mseme wazi: tunataka mtoto, tuandaeni.