Kituo kikifungwa, daftari la nasaba ni la nani?

Miezi michache iliyopita jirani yangu mmoja, mtu mzima aliyekwishapita miaka hamsini, alihitaji cheti cha kuzaliwa. Ujanani hakuna aliyemuuliza kitu hicho. Sasa pasipoti inakitaka, na Hijja haiendeki bila pasipoti. Akaenda kwenye nyumba ya uzazi alikozaliwa, akakuta pale pana duka la saruji na mabati. Nyumba ilifungwa zamani, mwenyewe keshafariki, na kuhusu madaftari kila aliyeulizwa alimsukumia mwenzake. Kwenye foleni ya ofisi ya usajili, mtu aliyekuwa mbele yake alikuwa na cheti cha ubatizo kutoka parokiani kwao. "Mimi kwenye aqiqa yangu walichinjwa mbuzi wawili," akaniambia huku akicheka, "lakini mbuzi hawaandiki."

Mama yake yu hai, alhamdulillah. Alikwenda kula kiapo na mambo yakaisha. Lakini kisa kile kimenifanya nimfikirie mtu ambaye hana mama wa kumwapia, mtu ambaye shahidi wake pekee hapa duniani ni mstari mmoja ndani ya daftari la nyumba iliyofungwa. Mstari ule ni mali ya nani? Ni wa waliouandika? Ni wa mama aliyeomba asitajwe? Au ni wa yule mtoto aliyeandikwa?

Ndugu msomaji, hili si swali la kubuni. Nchi ya Ireland imehangaika nalo kwa miaka mingi. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, wasichana wa nchi ile waliopata mimba nje ya ndoa walipelekwa katika majumba yaliyoitwa ya mama na mtoto, mengi yakiendeshwa na masista wa Kanisa Katoliki. Msichana alijifungua humo, wakati mwingine akiitwa kwa jina la bandia alilopewa alipoingia, kisha watoto wengi wakakabidhiwa familia nyingine, baadhi yao wakavushwa bahari hadi Marekani. Tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti yake Januari 2021 iliangalia majumba 14 ya aina hiyo na nyumba 4 za kaunti. Ilikadiria akina mama wapatao 56,000 na watoto wapatao 57,000 waliopita humo. Katika watoto hao, wapatao 9,000 walifariki.

Majumba yakafungwa moja baada ya jingine. Madaftari yakatawanyika: mengine kwa masista, mengine kwa halmashauri, mengine kwenye idara za afya na mashirika ya kuasilisha watoto. Mtu wa miaka sitini alikwenda kuuliza, "mama yangu ni nani?", akajibiwa na karani aliyekuwa na faili mezani kwamba hawezi kuambiwa.

Katika mji wa Tuam nyumba moja ilifungwa mwaka 1961. Baadaye mwanamke wa huko, Catherine Corless, aliyejifunza historia ya mji wake kwa mapenzi tu, alianza kuuliza watoto waliofia pale walizikwa wapi. Aliomba kwa msajili vyeti vya vifo, akapata 796, lakini kumbukumbu ya mazishi ya karibu wote hakuipata. Machi 2017 tume ilithibitisha kuwa mabaki ya watoto yamo ndani ya vyumba vya chini ya ardhi, mahali palipokuwa na mfumo wa zamani wa maji machafu. Kazi ya kuwafukua ilianza Julai 2025. Tuzingatie jambo moja hapa. Kilichofichua yote hayo ni karani fulani wa zamani aliyeandika jina, umri na tarehe, pengine bila kujali sana. Asingeandika, watoto wale wasingekuwa hata na idadi.

Msomaji asidhani naandika haya ili kuwacheka Wakatoliki. Nitafika nyumbani kwetu hivi punde. Kwanza tumsikilize mama, maana hoja yake ni nzito.

Mfikirie binti wa miaka kumi na tisa aliyeambiwa na wakubwa wake kuwa jambo hili litazikwa. Akaondoka, akaolewa, akazaa watoto ambao leo wana wajukuu, na hakuna hata mmoja anayejua. Sisi Waislamu ndio wa kwanza tunaopaswa kumwelewa. Dini yetu imesisitiza stara. Mtume (SAW) alifundisha kuwa anayemsitiri Muislamu naye atasitiriwa na Mwenyezi Mungu. Hatukuamrishwa kufukua aibu za watu. Basi kwa nini tusiseme daftari lifungwe na lizikwe pamoja na mwenyewe?

Kwa sababu stara hufunika kosa, na mtoto si kosa. Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya. Anayeficha tendo la zinaa amemsitiri mtendaji, lakini anayeficha nasaba ya mtoto amemnyang'anya mtu wa tatu ambaye hakufanya lolote. Tena tuangalie fiqhi inavyosema. Kwa jamhuri ya wanazuoni, mtoto wa nje ya ndoa hanasibishwi kwa mwanamume aliyezini. Hunasibishwa kwa mama yake, humrithi mama na mama humrithi yeye. Maana yake mtoto huyu ana kamba moja tu. Ukimficha mama, umeikata hiyo hiyo moja.

Wala si suala la mirathi peke yake. Uqba bin Harith (RA) alikwishaoa pale alipotokea mwanamke akasema kuwa aliwanyonyesha wote wawili, mume na mke. Uqba hakulichukulia kama umbea. Alifunga safari kutoka Makka hadi Madina kumuuliza Mtume (SAW), na ndoa ile ikavunjika. Hayo ni maziwa tu, na ushahidi wa mwanamke mmoja uliokuja kwa kuchelewa. Sasa wafikirie ndugu wa damu wawili, waliotoka nyumba moja ya uzazi, wakapelekwa kwa familia mbili za mji mmoja, wakakua na kupendana. Nani atakwenda kuwaambia, kama daftari limechomwa?

Ulaya yenyewe haikukubaliana. Ufaransa sheria inamruhusu mwanamke kujifungua bila jina lake kuandikwa, na mwaka 2003 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliunga mkono utaratibu huo dhidi ya mwanamke aliyetaka kumjua mama yake, kwa kura 10 dhidi ya 7. Ireland nayo, Mahakama ya Juu ilisema mwaka 1998 kuwa mtoto ana haki ya kumjua mama aliyemzaa, ila haki hiyo ipimwe dhidi ya siri ya mama. Kupima huko kulichukua zaidi ya miaka ishirini. Sheria ya mwaka 2022 ndiyo iliyokata shauri: kuanzia Oktoba mwaka huo, mtu aliyefikisha miaka 16 anaweza kuomba cheti chake cha kuzaliwa na kumbukumbu zake, na hanyimwi. Mzazi asiyetaka kutafutwa anaandikisha hivyo, na mwombaji anafanyiwa kwanza kikao kifupi cha kumweleza msimamo wa mzazi wake, kisha anapewa karatasi yake.

Wapo walioona kikao hicho ni kuwatendea watu wazima kama watoto. Mimi naona ni gharama ndogo. Lililonivutia ni kwamba sheria ile imetenganisha kujua na kugonga mlango. Kujua mama yako ni nani ni haki yako. Kuingia sebuleni kwake mbele ya wajukuu zake ni jambo la ridhaa yake. Kwa maoni yangu hapo stara na nasaba kila moja imepata mahali pake, ingawa nakiri kuwa kuna kina mama ambao hata hofu ya kujulikana tu inawanyima usingizi, na sina jibu la kuwapa litakalowatosha.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 2018 serikali ya Ireland ilitangaza kuwa katika kumbukumbu za shirika moja la kuasilisha zimeonekana kesi 126 za watoto walioandikishwa kana kwamba wamezaliwa na wale waliowachukua. Tusishangae sana. Nani kati yetu hajui nyumba ambayo shangazi asiyejaaliwa mtoto alipewa kichanga, na shule ikamwandika kwa jina la mume wake? Nia ilikuwa huruma, sina shaka. Lakini Zaid bin Haritha (RA) alilelewa na mbora wa walezi, akiitwa Zaid bin Muhammad, na bado aya ya tano ya Suratul Ahzab ilipoteremka alirudishiwa jina la baba yake. Mapenzi ya Mtume (SAW) kwake hayakupungua kwa hilo. Na aya hiyo hiyo imewaangalia wasiojulikana baba zao, ikawaweka kuwa ndugu zetu katika dini, bila kuwatungia baba wa uongo.

Madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, yana jambo ambalo sisikii likitajwa. Anayeokota mtoto aliyetupwa, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, inamwajibikia kuweka mashahidi, kwa kuchelea uhuru na nasaba ya mtoto yule visipotee. Zamani shahidi alikuwa mtu. Katika miji yetu, ambako mpangaji wa jana leo yuko Mwanza, shahidi ni daftari. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 nayo, katika kifungu cha 6, inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi waliomzaa na ukoo wake. Vituo vya yatima tunavyovichangia kila Ramadhani vina wajibu huo kwa sheria zote mbili.

Juzi nilimtembelea ustadhi mmoja anayelea watoto wachache nyumbani kwake. Nikamuuliza kama anaandika. Akainuka akaleta daftari la shule, jalada limeanza kuchakaa. Ndani mlikuwa na jina la kila mtoto, aliyemleta, tarehe, na kwa watoto wawili maneno "aliachwa mlangoni alfajiri" na rangi ya khanga aliyofungiwa. Nikamsifu, kisha nikamuuliza nakala ya pili iko wapi. Akalitazama lile daftari kwa muda. "Mke wangu anajua ninapoliweka," akasema.