Tai na Jongoo Bahari: Nani Yuko Juu?



Jumapili mbili zilizopita nilihubiri juu ya tai kutoka Isaya 40:31. Nikawaambia mumgeukie jirani mseme, "Wewe ni tai!" Kanisa likalipuka kwa shangwe. Baada ya ibada, mzee mmoja ambaye hupiga mbizi kutafuta jongoo bahari kule Shimoni akanishika mkono. "Pasta, mimi maisha yangu yote natazama chini. Kwani Mungu hana haja na walio chini?"

Sikuwa na jibu. Mimi nilisomea biashara, na chuoni tulifundishwa kupanda ngazi. Kumbe ngazi ile nilikuwa nimeibeba mpaka madhabahuni!

Hebu tumwangalie huyu jongoo bahari. Hana mabawa, wala hana macho ya kuona mbali. Hutambaa chini ya bahari akimeza mchanga, anakula taka iliyomo, na mchanga anautoa ukiwa safi zaidi. Wako wengine ambao wakivamiwa hutoa matumbo yao nje, kisha huotesha mapya. Tai naye huishi kwa kuua. Simlaumu, ndivyo alivyoumbwa. Lakini mbona mmoja tunamwita mshindi na mwingine tunamwonea kinyaa?

Soma Mwanzo 1:20-23. Viumbe wa majini na ndege waliumbwa siku moja, siku ya tano, na wakabarikiwa siku hiyo hiyo.

Mtu ataniuliza, "Pasta, sasa tusiwe na maono?" La hasha. Kama Mungu amekupa mabawa, paa. Kukaa chini kwa uvivu si unyenyekevu. Ninachokataa ni kupima thamani ya mtu kwa urefu aliofika. Kuna mtu husafisha vyoo vya kanisa hili kila Jumamosi jioni ili sisi tuabudu vizuri Jumapili. Wangapi tunajua jina lake? Mimi mchungaji wenu sikulijua hadi wiki hii. Ilibidi niulize.

Mzee wangu, nisamehe. Swali lako lilikuwa mahubiri kuliko mahubiri yangu.

Jumapili hii sitamwambia mtu yeyote kwamba yeye ni tai. Nitauliza hivi tu: pale Mungu alipokuweka, juu au chini, je, utapaacha pakiwa safi kuliko ulivyopakuta?

Amina.