Elimu ya Kutosha au Elimu Sawa?

Wazazi na wanafunzi wanaoandamana kupinga shule yao kunyimwa fedha huamini kwamba serikali ina deni kwao. Ugumu ni kulikadiria deni lenyewe: je, kila mtoto anastahili elimu ya kutosha, au elimu iliyo sawa na ya mwenzake?

Swali hilo lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani kutoka San Antonio, Texas. Mei 1968, wanafunzi wapatao 400 wa sekondari ya Edgewood, wengi wao wenye asili ya Mexico, walitoka madarasani wakaandamana hadi ofisi ya mkuu wa elimu, wakilalamikia majengo mabovu na walimu wasio na sifa. Mzizi wa tatizo ulikuwa kodi ya ardhi na majengo, ambayo kila wilaya ya elimu ilijitoza na kujitumia. Wilaya ya Edgewood ilitoza dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya mali, ikaambulia dola 26 kwa mwanafunzi. Alamo Heights, kwa majirani matajiri, ilitoza senti 85 na kupata dola 333. Waliojikamua zaidi ndio waliopata kidogo. Hata ruzuku zilipojumlishwa, pengo lilibaki: dola 356 kwa 594.

Machi 1973, kwa kura 5 dhidi ya 4, mahakama hiyo iliikataa kesi ya mzazi Demetrio Rodriguez na wenzake waliopinga mfumo huo. Jaji Lewis Powell alishikilia kwamba Katiba ya shirikisho haiitambui elimu kuwa haki ya msingi, na kwamba haikuonyeshwa kuwa Texas ilimnyima mtoto yeyote stadi za chini kabisa. Jaji Thurgood Marshall alipinga: Katiba inakataza ubaguzi usio na sababu, hata pale anayebaguliwa amepewa kiasi fulani.

Marshall ana hoja nzito zaidi. Nafasi za chuo na ajira hugombaniwa, hivyo thamani ya elimu ya mtoto mmoja hutegemea waliyopata wenzake. Kinachotosha leo kinaweza kisitoshe kesho bila yeye kupunguziwa chochote. Lakini usawa nao una kasoro. Serikali ikizipunguzia shule zote kiasi kilekile, usawa haujavunjwa, na waandamanaji wangeonekana hawana hoja.

Hawajakosa hoja. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure, na mgao uliowekwa kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa ni shilingi 22,244 kwa mwaka. Julai 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi aliiambia kamati ya Bunge kwamba serikali haimudu kuutoa wote. Kwenye karatasi, upungufu huo unazigusa shule zote. Ila shule yenye wazazi wenye uwezo itachangisha na kuziba pengo, na ile ya vibarua itapunguza walimu wa muda na vifaa vya maabara. Mkato ulio sawa huzaa tofauti, na hapo madai ya kutosha na madai ya usawa hukutana.

Huko Texas, Edgewood walirudi mahakamani, safari hii kwa katiba ya jimbo. Mwaka 1989, majaji wote wa Mahakama ya Juu ya Texas walikubaliana kwamba wilaya zinazojitoza kodi kwa kiwango kinachofanana sharti zipate fedha zinazokaribiana kwa kila mwanafunzi. Kipimo kikawa mzigo ambao wananchi wamekubali kujitwisha. Wabunge walibishana na mahakama kuhusu utekelezaji wake hadi 1995.