Kung'oa Mafiga

Je, ni halali mtu kumwondolea mwenzake adha ambayo mwenyewe hajaomba kuondolewa? Swali hili nimekutana nalo mara nyingi vitabuni, na kila mara nililijibu upesi. Upesi huo ulinipotea siku nilipofika Kahe pamoja na fundi, matofali na bomba la bati, kuyang'oa mafiga matatu ya mama yangu na kujenga mahali pake jiko la kuni lenye dohani.

Hoja niliyokwenda nayo haikuwa nyepesi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu 3,200,000 walikufa kwa maradhi yaletwayo na hewa chafu ya majumbani, hewa ambayo aghalabu huchafuliwa na moshi wa kuni, mkaa, samadi na mafuta ya taa. Mama yangu amepuliza moto zaidi ya miaka hamsini. Macho yake humwaga machozi pasipo huzuni, na kikohozi chake hutangulia sauti yake mlangoni. Basi nilijiona mwana mwema. Yamkini hapana mtu wa kuogopwa zaidi kuliko yule ajionaye mwema naye amekwisha nunua matofali.

Fundi alikuwa amepanga safu ya kwanza mama aliporejea kutoka shambani. Alitazama, akaketi juu ya kigoda, akaniuliza: "Mwanangu, moshi wote ukitoka nje, mbegu zangu atazilinda nani?"

Juu ya mafiga yale palikuwa na uchaga, na juu ya uchaga mahindi ya mbegu, yamefungwa kwa maganda yake, meusi kwa masizi. Swali lake halikuwa la ujinga. Dumuzi, mdudu ambaye asili yake ni Amerika ya Kati, aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akaenea nchini, akawa anageuza ghala la mahindi kuwa unga kabla ya kinu. Wakulima wengi walimjua kwa jina la lori, Scania. Mama alikabiliana naye kwa alichokuwa nacho: joto, masizi na moshi. Mimi niliuona moshi ule kuwa adui tu. Kwake ulikuwa pia mtumishi, ingawa mtumishi mwenye ujira mkali.

Hapa wapo watakaoshangilia na kusema, "Liacheni jiko la wahenga!" Nao siwakubalii. Huko Marangu na Machame, ambako baridi ya mlima hushuka usiku, nyumba ya kale ya Wachagga ilikuwa na moto ndani yake, uliowapa joto watu pamoja na ng'ombe waliolala chini ya paa moja. Moshi ukapenya katika nyasi za paa na kuwafukuza wadudu. Moto ule ulikuwa na hoja yake. Lakini Kahe ni tambarare ya jua, na joto la jikoni adhuhuri ni mzigo juu ya mzigo. Kuni nazo zina hesabu yake. Mlimani ulitengwa mwaka 1941 ukanda wa msitu wa nusu maili ili wenyeji wapate kuni na mbao, dalili kwamba hata penye miti mingi kuni hazikuwa jambo la kuachiwa bahati. Mafiga, yaliyo wazi pande tatu, huupa upepo sehemu ya moto ambayo chungu kingeipata. Jiko lililozungushiwa matofali huizuia. Asifuye mafiga bila kuyapikia huchukua faraja ya mlimani akaipeleka tambarare, kwa watu wasioihitaji.

Lakini nami sikuwa mbali na kosa hilo. Nilichukua hesabu ya dunia nzima nikaimwaga katika jiko moja, na mwenye jiko sikumwuliza neno.

Je, basi, ridhaa yake ingetosha? Kama angesema, "Niacheni na moshi wangu," ningepaswa kuondoka? Nilidhani ndiyo, hata nikamwona mjukuu wake wa miaka miwili amekaa kando ya kigoda, anachezea majivu. Mtu mzima anaweza kuchagua taabu yake. Pafu la mtoto halikuchagua. Ridhaa ya mama ilikuwa na mpaka, na mpaka ule ulikuwa umeketi pale, uso umepakaa majivu. Haki yangu nayo ilikuwa na mpaka: kuzuia moshi usimfikie mtoto si sawa na kutawala jikoni.

Nilimweleza mama hivyo. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Hilo ungelisema kwanza."

Tangu hapo kazi ikawa yake. Safu ya fundi ilibomolewa, kwa kuwa kimo kilikuwa cha mtu wa kupika amesimama, naye hupika ameketi. Mdomo wa kuni uligeuzwa uelekee mlango. Tundu la chungu lilipanuliwa. Wahenga walinena kwamba figa moja haliinjiki chungu. Mimi nilikuja na fedha na fundi, nikadhani figa mbili zatosha.

Sitaki kulisifu jiko lile kupita kiasi. Dohani huutoa moshi jikoni, haiufuti duniani, nayo huziba masizi isiposafishwa. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza mkakati wa kuwafikisha Watanzania asilimia 80 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na jiko la kuni, hata likiwa na bomba, liko nyuma ya shabaha hiyo. Mtungi wa gesi nimeutaja mara moja tu. Mama aliniuliza utajazwa na nani nikiwa chuoni.

Mafiga hayakutupwa. Yako nyuma ya nyumba, chini ya kibanda kisicho na kuta, yakingojea masufuria ya msiba na harusi ambayo tundu la jiko jipya haliyawezi. Uchaga umehamia huko pia. Mama huwasha moto hapo kwa ajili ya mbegu zake, na mjukuu haruhusiwi kukaribia.