Himaa ya Sayyidna Umar na maji ya Kizigo

MSAFIRI akishuka stesheni ya Itigi, kwenye Reli ya Kati, mwezi wa Oktoba, anaikuta ardhi kavu. Mvua za huko huanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili. Miezi iliyobaki ni kiangazi. Kusini ya mji kuna Mapori ya Akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi. Mto Kizigo, ambao ni wa msimu, hupeleka maji yake Mtera. Mfugaji akiswaga ng'ombe wake kuvuka mpaka wa mapori hayo kutafuta majani na maji, anavunja Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009. Katazo hilo halimtofautishi mwenye ng'ombe kumi na mwenye elfu moja.

Je, ni haki kuzuia maji kwa jina la hifadhi?

Wapo ndugu zetu wanaojibu haraka kuwa si haki, wakitegemea Hadithi mashuhuri kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Wamesema kweli, lakini nusu. Qur'an inatusimulia watu wa Thamud, walioamriwa kugawana maji na ngamia wa Nabii Swaleh (A.S.), kwa zamu. Walipomuua waliangamizwa. Basi mnyama naye ana zamu yake kisimani, na tembo wa Rungwa hakuomba kwa mtu haki ya kunywa. Tena Mtume (S.A.W.) mwenyewe alitenga malisho ya Naqi', karibu na Madina, yakawa himaa. Anayedhani uhifadhi ni uzushi wa Wazungu hajasoma historia yake.

Hoja yangu si kuwepo kwa himaa. Ni nani anazuiwa mlangoni.

Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa khalifa alimweka mtumishi wake Hunayy kusimamia himaa. Imo katika Sahihi Bukhari kwamba alimwagiza amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, lakini ajihadhari na mifugo ya Ibn Auf na Ibn Affan. Hawa si watu wa kubezwa, ni masahaba watukufu, na mmoja wao alikuja kuwa khalifa. Sababu aliyoitoa Umar ni ya hesabu tu. Tajiri mifugo yake ikifa, anarudi kwenye mitende na mashamba yake. Masikini yake ikifa, atakuja na watoto wake kulia mlangoni kwa khalifa, na khalifa hawezi kuwatupa. Majani na maji ni rahisi kuyatoa kuliko dhahabu na fedha.

Sasa tutazame kwetu. Katika mapori hayo ya kusini mwa Itigi, mwenye ng'ombe wachache haruhusiwi, lakini mwindaji wa kitalii aliyelipia kibali anaingia na bunduki yake kihalali. Himaa ya Umar imegeuzwa miguu juu. Najua nitaambiwa kuwa fedha za uwindaji ndizo zinazolipa askari wa pori. Sawa, lakini hiyo ni hoja ya mapato, na tulikuwa tunazungumzia haki.

Mtera hiyo hiyo inayopokea maji ya Kizigo hupokea pia ya Ruaha Mkuu, na huko tumeona jambo hili kwa ukubwa zaidi. Mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulikauka ndani ya Hifadhi ya Taifa, na baada ya hapo kukauka kukawa jambo la kila kiangazi. Mwaka 2006 nchi ikaingia katika mgawo wa umeme, nao wafugaji wakaanza kuondolewa Ihefu, katika bonde la Usangu, pamoja na mifugo yao. Watafiti waliolichunguza bonde hilo walikuwa wamekwisha kueleza kuwa wakati wa kiangazi maji mengi yanachepushwa na mifereji ya mpunga huko juu, na wengine walihoji hata namna mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa. Pamoja na hayo, ng'ombe ndiye aliyekuwa mtuhumiwa wa kwanza. Ng'ombe anaonekana, mfereji umelala.

Na sisi wa mjini tulikuwa wapi? Mtera ina megawati 80, na maji yakitoka hapo yanateremka Kidatu kwenye megawati 204. Umeme huo unawasha feni zetu na unagandisha barafu tunayouza. Tuliposikia wafugaji wanaondolewa ili bwawa lijae, wengi wetu tuliona sawa, hatukuuliza wamekwenda wapi. Pengine katika kisa cha Hunayy sisi si yule mwenye kondoo wachache. Umeme ukikatika tunanunua mshumaa, tunalalamika, kesho tunakwenda kazini. Mtu wa Itigi ng'ombe wake wanane wakifa mwezi wa Novemba, hana mitende ya kurudia.